Umwachie Mungu nini, nawe ubaki na nini?

Swali: "Mume wangu alipata kiharusi wiki tatu zilizopita na bado amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, akipumua kwa mashine. Naandika kila kipimo chake katika daftari, na nikiwa nyumbani nalala na simu mkononi. Wenzangu wa kikundi cha maombi wananiambia nimwachie Mungu. Mmoja wao, mzee ninayemheshimu, amesema kutafuta maoni ya daktari wa pili ni kukosa imani, akanisomea habari za Mfalme Asa. Kila jioni nasali na kusema nimemwachia Mungu, lakini ikifika saa tisa usiku nimekwisha kuyachukua yote tena. Sasa madaktari wanataka niidhinishe atobolewe kooni ili apumue kwa mrija, nami naogopa kwamba nikiamua nitakuwa nimemnyang'anya Mungu kazi yake. Nimefunga, nimeweka nadhiri. Je, imani yangu ni ya uongo? Na watoto wakiniuliza kama Mungu atamponya baba yao, niwajibu nini?"

Jibu:

Dada mpendwa, pole sana kwa wiki hizi tatu. Umeniuliza mengi kwa pamoja, lakini nikiyasoma tena naona yanatoka katika fundo moja: umeambiwa umwachie Mungu, wala hakuna aliyekueleza umwachie nini. Mtu anayeambiwa aache bila kuonyeshwa cha kuacha huishia kudhani kwamba anatakiwa aache kila kitu, yaani kufikiri, kuuliza, kuamua, hata kulia. Na kwa kuwa hawezi kuyaacha hayo na bado akaendelea kuwa mke na mama, anajihukumu kuwa hana imani. Nimewahudumia wagonjwa na jamaa zao kwa muda mrefu kama mchungaji, na hukumu hiyo nimeikuta zaidi kwa watu wenye imani ya kweli kuliko kwa wale wasiojali.

Kinachokabidhiwa kwa Mungu ni matokeo. Kama mumeo atafumbua macho na kukutambua, kama mapafu yake yatakubali kuachishwa mashine, kama mkono uliopooza utainuka tena, hayo yote hayakuwa chini ya mamlaka yako hata siku moja kabla ya kiharusi, ila afya yake njema ilikufanya usiwe na sababu ya kuligundua jambo hilo. Kwa hiyo unapoyakabidhi humpi Mungu kitu ulichokuwa nacho. Unakiri tu mahali kilipokuwa tangu mwanzo. Ama kusikiliza maelezo ya daktari, kuuliza usipoelewa, kutia saini au kukataa, kula, kulala, kupokea msaada wa ndugu na kuwaambia watoto ukweli, hayo ni wajibu uliokabidhiwa wewe, na sioni mahali popote katika Maandiko ambapo Mungu anamwomba mtu amrudishie wajibu wake kwa jina la imani.

Sehemu inayolionyesha hili kwa uwazi kuliko zote, kwa maoni yangu, ni sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, ambayo watu wengi huisoma kama habari ya safari na kuipita haraka. Paulo ni mfungwa anayepelekwa Rumi kwa njia ya bahari, na merikebu imekumbwa na dhoruba ya siku nyingi. Malaika anamjia usiku na kumhakikishia kwamba hakuna hata mmoja kati ya watu 276 waliomo atakayepotea, ila chombo chenyewe kitaangamia. Ahadi imeshatolewa, nayo haina masharti yaliyotajwa. Lakini tazama kinachofuata. Usiku wa kumi na nne mabaharia wanahisi kwamba nchi kavu inakaribia. Wanapima kina cha maji na kupata pima ishirini, wanasogea kidogo na kupima tena, wanapata kumi na tano. Kwa kuogopa miamba wanatupa nanga nne upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, kisha wanaomba kuche. Hapo baadhi ya mabaharia wanashusha mashua wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo, yaani za mbele, na kumbe wanataka kutoroka. Paulo, yule yule aliyeahidiwa kwamba wote wataokoka, anamwambia akida na askari kwamba mabaharia hawa wasipobaki ndani ya merikebu, wao akida na askari hawawezi kuokoka. Askari wanazikata kamba za mashua. Kulipokuwa kukipambazuka Paulo anawasihi wote wale chakula, anautwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele yao wote, anaumega na kuanza kula yeye kwanza. Wakiisha kushiba wanaitupa ngano baharini ili chombo kiwe chepesi.

Hebu jiulize ni nani katika habari hiyo aliyemnyang'anya Mungu kazi yake. Je, ni aliyepima kina? Ni waliotupa nanga? Ni Paulo aliyemwonya akida? Ahadi ya Mungu haikuifanya kamba isiwe na kazi, wala ujuzi wa mabaharia haukuifanya ahadi isiwe na maana. Na walipofika ufukweni, wengine kwa kuogelea na wengine juu ya mbao na vipande vya merikebu, hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa walishika mbao basi Mungu hakuwaokoa. Waislamu nao wana mafundisho yanayokaribiana sana na haya: katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mtu mmoja alimuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake na kumtegemea Mungu, au amwache bila kumfunga na kutegemea, akajibiwa amfunge kisha ategemee.

Sasa nije kwa Mfalme Asa, kwa sababu najua aya hiyo inavyoumiza ikisomwa mbele ya mtu ambaye mgonjwa wake yuko mahututi. Ni kweli kwamba Mambo ya Nyakati cha Pili, sura ya 16, inasema Asa, mfalme wa Yuda, alipata ugonjwa wa miguu, ukazidi sana, naye katika ugonjwa wake hakumtafuta Bwana bali waganga. Lakini sura hiyo haianzi na miguu. Inaanza na Asa akitishwa na mfalme wa Israeli, akichukua fedha na dhahabu kutoka katika hazina za nyumba ya Bwana, akazipeleka kwa Ben-hadadi mfalme wa Shamu ili anunue urafiki wake. Nabii Hanani alipomkemea, Asa alikasirika akamtia gerezani, na wakati huo huo akawaonea baadhi ya watu wake. Aya ya waganga ni mwisho wa mtu aliyekuwa amekwisha kumfungia Mungu mlango katika mambo ya ufalme wake, na ugonjwa ulipokuja ukamkuta katika hali ile ile. Kosa linalotajwa ni kwamba hakumtafuta Bwana. Wewe umefunga, unasali kila jioni, unaniandikia ukiuliza Mungu anataka nini. Kukulinganisha na Asa ni kuisoma nusu ya aya na kuiacha nusu nyingine.

Na kama mzee wako anapenda habari za wafalme, basi aendelee mbele kidogo mpaka kwa Hezekia, katika Wafalme wa Pili sura ya 20. Hezekia aliugua hata kufa, akageuza uso ukutani, akaomba na kulia sana. Mungu akamwambia kwa kinywa cha Isaya kwamba amemsikia, kwamba atamponya, na kwamba atamwongezea miaka 15. Baada ya ahadi hiyo, aya inayofuata inasimulia Isaya akiagiza uletwe mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu, akapona. Nabii mwenyewe, akiwa na neno la Mungu kinywani, ndiye aliyeagiza dawa. Sitaki umdharau mzee wako; pengine yeye mwenyewe anaogopa, na mtu anayeogopa hutafuta kanuni ya kushika. Lakini katika jambo la matibabu ya mume wako usimfuate, na mtu yeyote akikushauri usimamishe dawa au ukatae uchunguzi ili kuonyesha imani, mshukuru kwa maombi yake na ushauri huo uuache hapo hapo.

Kuhusu kutobolewa koo, mimi si daktari na sitakuamulia. Ninachoweza kukuambia ni namna ya kuamua ukiwa mtu aliyemkabidhi Mungu matokeo. Kaa na daktari mahali penye utulivu, ukiwa na ndugu mmoja mwenye kichwa kilichotulia, umwulize hatua hiyo inakusudia kufikia nini kwa mgonjwa huyu na wala si kwa wagonjwa kwa jumla, hatari zake ni zipi, kutakuwa na nini tukisubiri siku kadhaa, mrija unaweza kuondolewa baadaye au la, na kama angekubali upate pia maoni ya daktari wa pili. Madaktari wengi hawachukizwi na swali hilo la mwisho. Uulize pia, wewe na familia, mumeo mwenyewe angetaka nini kama angeweza kusema, kwa kuwa unaamua kwa niaba yake na hili ndilo swali linalosahauliwa mara nyingi. Halafu sali, kisha uamue kwa nuru uliyo nayo siku hiyo. Unaweza kutia saini kwa mkono unaotetemeka na bado ukawa umemtumaini Mungu kikamilifu. Kitu ambacho huwezi kukifanya, wala hutadaiwa, ni kuhakikisha kwamba uamuzi mzuri utaleta mwisho mzuri.

Umesema kwamba kila jioni unakabidhi na kila saa tisa usiku unachukua tena, na hilo ndilo lililokufanya uite imani yako ya uongo. Hapa nataka tukae kidogo. Katika bustani ya Gethsemane Yesu alianza kufadhaika na kuhuzunika sana, akawaambia wanafunzi wake jinsi roho yake ilivyo na huzuni nyingi kiasi cha kufa. Akaomba, na Marko ameyahifadhi maneno yake: "Aba, Baba, yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki, walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Angalia mpangilio wa sala hiyo. Inaanza kwa kukiri uwezo wa Mungu, inaendelea kwa ombi lililo wazi kabisa, lisilozungushwa wala kupambwa, na ndipo inapofika kwenye kujikabidhi. Wengi tunaojaribu kujikabidhi tunairuka sehemu ya pili. Tunaona haya kumwambia Mungu tunachokitaka, tunakimbilia "mapenzi yako yatimizwe" kama watu wanaotaka kumaliza mazungumzo mapema, na ombi lile ambalo hatukulisema jioni ndilo linalotuamsha usiku. Kama hujawahi kumwambia Mungu kwa sauti, "Nataka mume wangu arudi nyumbani akitembea," basi mwambie, maana hakuna anayeweza kukabidhi ombi ambalo hajalitoa.

Jambo la pili ni kwamba Yesu hakuisali sala hiyo mara moja. Aliwarudia wanafunzi akawakuta wamelala, akaenda tena akaomba akisema maneno yale yale, akarudi, na Mathayo anaeleza kwamba aliomba mara ya tatu kwa maneno hayo hayo. Ikiwa Mwana wa Mungu katika usiku mmoja alilazimika kurudi pale pale mara tatu, sijui ni kwa kipimo gani wewe unajilazimisha umalize jambo hili jioni na lisirudi tena. Kujikabidhi katika msiba wa muda mrefu ni tendo linalorudiwa, kwa sababu kila siku inaleta kipimo kipya, sauti mpya ya mashine, swali jipya la daktari, na ulichokikabidhi jana hakikuwa na habari ya leo. Unapoamka saa tisa ukakuta umeyashika tena, hujaivunja sala ya jioni. Umefikia tu zamu ya pili ya sala hiyo hiyo. Na Yesu aliposimama kutoka pale alipokuwa amesujudu, kikombe hakikuwa kimeondolewa, lakini aliwaamsha wenzake akaenda mwenyewe kuwakabili waliokuja kumkamata. Tangu hapo katika simulizi ile ndiye pekee asiyetapatapa.

Zaburi ya 13 nayo ina mstari ambao nadhani uliandikwa kwa ajili ya watu wa saa tisa usiku. Mwandishi anauliza "hata lini" mara nne mfululizo, na mojawapo ni hii: "Hata lini nifanye mashauri nafsini mwangu, nikihuzunika moyoni mchana kutwa?" Kufanya mashauri nafsini ndiko unakokufanya kitandani: akija mtaalamu fulani itakuwaje, ningemwahisha hospitali nusu saa mapema ingekuwaje, akipata homa tena nitafanya nini, ada za watoto zitatoka wapi. Mtunga zaburi halaumiwi kwa mashauri hayo. Anayageuza yawe maneno anayoambiwa Mungu. Nakushauri ufanye vivyo hivyo kwa namna rahisi sana. Ukiamka, keti kitandani, ulitaje jambo moja tu lililokuamsha, kwa sauti ya chini, kwa jina lake. Ujiulize kama lina kazi ya kufanywa kesho. Kama linayo, kwa mfano kumpigia simu mwajiri wake, liandike kwenye karatasi ukaliache hapo mpaka asubuhi. Kama halina kazi yoyote, kwa mfano ile nusu saa ambayo hairudi tena, basi ndilo la kukabidhi, na sala yake si lazima iwe ndefu. Maneno ya Zaburi ya 31, "Mikononi mwako naiweka roho yangu," ambayo Yesu aliyasema msalabani, yanatosha ukiweka jina la mumeo mahali pa nafsi yako. Huenda ukafanya hivyo mara tano kwa usiku mmoja. Fanya.

Daftari lako nalo linahitaji kutazamwa kwa karibu. Daftari la maswali ya daktari, majina ya dawa na tarehe za vipimo ni msaada mkubwa, hasa wahudumu wanapobadilishana zamu na kila mmoja anakuja na maneno yake. Lakini kuna daftari la namna nyingine, ambalo mtu anaandika shinikizo la damu kila linapobadilika kwenye skrini, anarudi ukurasa uliopita kulinganisha, anahesabu, na moyoni anahisi kwamba akiacha kuandika jambo baya litatokea wakati hatazami. Hapo uandishi umegeuka ulinzi, na ni ulinzi usiolinda chochote, kwa sababu wauguzi wanayafuatilia mambo hayo hayo usiku na mchana na mashine zina kengele. Utajua unashika daftari lipi kwa kuangalia kinachotokea mkono wako ukilikosa. Jaribu kwa siku moja kuandika mara mbili tu, asubuhi na jioni, na saa zilizobaki umshike mumeo mkono na kuzungumza naye, hata kama haonyeshi kusikia. Vivyo hivyo simu: mwombe shemeji yako au dada yako alale nayo usiku mmoja, kwa makubaliano kwamba hospitali ikipiga atakuamsha mara moja. Watu wengi wanaona ni rahisi zaidi kumkabidhi Mungu wasiyemwona kuliko kumkabidhi ndugu simu, na kwa kweli mara nyingi mkono hujifunza kuachia kwa kuanza na ndugu.

Katika mambo yote uliyoniandikia, nadhiri ndiyo iliyonipa wasiwasi zaidi, ingawa umeitaja kwa maneno mawili tu. Sisemi kuweka nadhiri ni dhambi. Hana aliweka nadhiri huko Shilo alipolilia mtoto, na hakukemewa. Ila nadhiri inaweza kuwa ibada, na inaweza pia kuwa usukani uliovikwa nguo za ibada: nikikupa hiki, sharti unipe kile. Tofauti ya hizo mbili inaonekana katika habari ya Hana mwenyewe. Kabla hajapata mimba, kabla hajapewa ishara yoyote zaidi ya baraka ya Eli kuhani, Samweli wa Kwanza inaeleza kwamba alikwenda zake, akala chakula, na uso wake haukukunjamana tena. Alikula kabla ya jibu. Kama nadhiri yako inakuacha ukihesabu kama umefunga siku za kutosha, ukiogopa kwamba kosa dogo litamfanya Mungu akatae, basi umeingia katika biashara ambayo Mungu hakuianzisha, na una ruhusa ya kumwambia hivyo. Na kufunga sasa kuishe. Eliya alipochoka hata akaomba afe, malaika aliyetumwa kwake hakuja na mahubiri. Alimgusa akamwambia ainuke ale, kulikuwa na mkate na gudulia la maji, akala akalala tena, na malaika akamgusa mara ya pili ale kwa kuwa safari ilikuwa ndefu mno kwake. Yako nayo ni ndefu. Tena, kama kwa siku nyingi huwezi kula wala kulala kabisa, au mawazo ya kutotaka kuishi yanakujia, mwambie daktari au mshauri nasaha bila kungoja, na usimruhusu mtu akwambie kwamba hilo ni jambo la maombi peke yake.

Sitakwepa swali ambalo hukuliuliza waziwazi, yaani itakuwaje kama mumeo hatapona. Wale vijana watatu waliotishiwa tanuru la moto katika kitabu cha Danieli walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, kisha wakaongeza: "Bali kama si hivyo, ujue, Ee mfalme," kwamba hata hapo hawataisujudia sanamu. Katika mikutano mingi ya maombi nusu ya kwanza ya kauli hiyo hupigiwa makofi, na ya pili husomwa kwa haraka kana kwamba ni imani iliyopungua. Mimi naiona kuwa ndiyo sehemu iliyowagharimu. Paulo naye aliomba mara tatu aondolewe mwiba uliomtesa, na jibu alilopewa halikuwa kuondolewa: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Kwa hiyo mtu akikuahidi kwa jina la Mungu kwamba mumeo atapona siku fulani, ameahidi kitu ambacho hakupewa kukiahidi. Omba uponyaji kwa ujasiri wote, mpaka mwisho, na kando ya ombi hilo acha nafasi ya sentensi ya wale vijana, hata kama kwa sasa unaweza kuisema kwa kunong'ona tu au huwezi kuisema kabisa. Baba mmoja mwenye mtoto mgonjwa alimwambia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto wake aliponywa bila baba huyo kutakiwa kwanza akaitafute imani iliyo safi zaidi. Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la imani ya uongo: imani iliyochanganyika na hofu ni imani, na Mungu ameizoea.

Sasa watoto. Usiwaambie kwamba Mungu atamponya baba yao, kwa maana hujui, nao wataikumbuka ahadi hiyo kwa miaka mingi. Usiwaambie pia kwamba wakisali vizuri atapona, kwa sababu mtoto akibebeshwa hilo, mambo yakienda vibaya atatafuta kosa katika sala yake mwenyewe. Waambie, kila mmoja kwa kadiri ya umri wake, kwamba baba ni mgonjwa sana kwenye ubongo, kwamba mashine inamsaidia kupumua, kwamba madaktari wanafanya kazi kwa bidii, na kwamba nyinyi nyote mnamwomba Mungu amponye. Mkubwa akiuliza, "Na asipopona?" mjibu, "Sijui itakuwaje, na mimi pia naogopa, lakini Mungu hatatuacha, na mimi nipo, na shangazi yupo." Wape kazi halisi, kama kumchorea baba picha ya kubandikwa ukutani kwake wauguzi wakiruhusu, au kurekodi sauti zao utakazomchezea karibu na sikio. Na wakitaka kusali kwa hasira, wakimuuliza Mungu kwa nini ameacha jambo hili litokee, usiwakatize.